Filimbi Amevimbiwa Tena

Dobi wa mtaa ule alikuwa na jina kama watu wote, lakini hakuna aliyelitumia. Aliitwa Mnyoosho. Alikuwa mrefu, mwembamba, bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto kwa sababu ya kuegemea pasi miaka yote ile, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wasiomjua: ukikutana naye alikutazama kola kwanza, ndipo akakutazama uso. Kola ikimridhisha alikusalimu vizuri. Isipomridhisha alikusalimu vilevile, ila kwa huruma.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, chenye dirisha moja la kutazama barabara. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi na juu yake shuka, pasi ya umeme, na pasi ya mkaa iliyongoja siku za umeme kukatika. Bomba la chuma lilipita juu kutoka ukuta hadi ukuta, limejaa nguo zilizokwisha kunyooshwa. Kwenye kona, juu ya jiko dogo, ilikaa sufuria ya wanga.

Wanga ndio uliompa heshima. Madobi wengi walishauacha kwa sababu unachosha mikono, lakini yeye aliupika kila asubuhi kwa unga wa muhogo, akaukoroga mpaka ukawa laini kama uji wa mgonjwa, kisha akachovya humo kola za mashati ya shule, makoti ya wapishi na sare za walinzi. Akishachovya na kukamua, alifuta kila kola kwa kitambaa cha mraba kilichokatwa kutoka shuka kuukuu, ili wanga usiache mabaka meupe. Jioni vitambaa vile vilisuuzwa mara moja tu, maana kesho vilikuwa vinarudi kwenye wanga tena, vikaanikwa. Asubuhi vilikuwa vikavu na vigumu kama maboksi, vikaingia kwenye kapu karibu na mlango.

Karibu na mlango huohuo, kwenye kiti chenye mikono, alikaa mama yake.

Mama huyu ndiye aliyekuwa akishona vifungo vya dobi tangu enzi za marehemu mumewe, aliyekuwa dobi pia. Macho yalimwacha taratibu: kwanza rangi, halafu sura za watu, mwisho ukabaki mwanga wa dirisha tu. Aliendelea kushona kwa vidole. Hata walipomwonea wasiwasi hakukosea, mpaka siku aliposhona mkono wa shati la karani mmoja ukaziba kabisa. Karani aliingiza mkono dukani hapohapo, akasukuma, akasukuma tena, ngumi haitokezi. Watu walicheka na mama alicheka kuliko wote. Lakini baada ya siku ile Mnyoosho alianza kumpa mkewe mashati yenye vifungo vilivyokatika, na mama akiuliza aliambiwa siku hizi havikatiki.

"Naona vifungo vya dunia nzima vimeamua kutulia," mama alisema. Hakuuliza tena. Alijua, nao walijua kwamba anajua, na mambo yakaachwa hapo.

Kuanzia hapo aliweka mikono mapajani. Mtu akiingia alijibu salamu, akitoka alimuaga, na kati ya salamu na kuaga hakuna kitu. Siku nyingine alikula chakula cha mchana bila kusema hata kama kina chumvi. Mkwe wake, mke wa Mnyoosho, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, alisema nyumba imekuwa kama ina mgeni asiyetaka kusumbua.

Ndipo akaja Filimbi. Muuguzi mmoja aliyekuwa akifuliwa nguo pale alihamishwa kikazi, akaleta katoni ya viatu, akasema, "Nishikieni huyu kwa muda tu, nikipata nyumba nitamfuata." Hakumfuata. Ndani ya katoni mlikuwa na simbilisi. Kama hujapata kumwona simbilisi, fikiria kiazi kikubwa kilichoota manyoya, hakina mkia, kina masikio kama vijani viwili vilivyokunjamana, na kina wasiwasi na kila kitu. Huyu alikuwa wa kahawia na mabaka meupe, na kila aliposikia hatua za mtu alipiga mluzi mrefu, mwembamba, unaopanda.

"Nani huyo anapiga mluzi ndani ya nyumba?" mama aliuliza.

Wakamweka mapajani mwake, pale pale palipokuwa na mikono. Mama alimpapasa kichwa, mgongo, akatafuta mkia, akakosa, akatafuta tena.

"Wamemkata?"

"Ndivyo walivyo, mama," mkwe alisema.

"Maskini. Koti lisilo na mshono wa mwisho."

Tangu siku ile Filimbi alikuwa wake. Mnyoosho alimtengenezea sanduku la mbao, likakaa kando ya kiti. Mama alimlisha, alimsimulia habari za wateja, alimwambia nani amekonda na nani ameongeza makelele. Na zaidi ya yote, alimtandikia kitanda. Kazi hiyo hakuiachia mtu. Kila asubuhi alitoa vitambaa vya jana, akaingiza mkono kapuni, akachukua kimoja baada ya kingine na kukikung'uta karibu na sikio, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Katika nyumba ile hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kujua nguo safi: ikilia ka! ni safi, ikinyamaza, irudi kwenye beseni. Kilicholia kilikunjwa mara nne na kuwekwa sandukuni. Kilichonyamaza kilitupwa pembeni.

"Mgeni wangu halalii tambara lililochoka," alisema.

Filimbi alivimbiwa mara ya kwanza karibu na kufunguliwa kwa shule, wakati mashati yamejaa mpaka chini ya meza. Asubuhi hakupiga mluzi. Mama alipomshika alimkuta amejikunja, manyoya yamesimama, anasaga meno polepole. Hakutaka jani wala maji. Tumbo lilikuwa limetuna, gumu kila upande.

Walimwita daktari wa mifugo, mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira na sauti ya kuita ng'ombe. Alimpindua Filimbi kwenye kiganja, akaligonga tumbo kwa kidole. Likalia kama ngoma ndogo.

"Gesi," alisema. "Amevimbiwa. Wanyama hawa tumbo lao halitakiwi kusimama. Likisimama, linachacha, likichacha, linajaa, likijaa wanaacha kula, na wakiacha kula ndiyo linasimama kabisa." Alitoa matone ya kupunguza gesi, akatoa bomba la sindano lisilo na sindano, akawaonyesha namna ya kumlisha uji wa majani makavu yaliyosagwa, kidogo kidogo, kwa pembe ya mdomo. "Anakula nini?"

"Majani," mama alisema. "Karoti kidogo. Na kabichi anayomletea mkwe wangu."

"Kabichi ya kila siku?"

Watu wote wakamgeukia mkwe.

"Mnanitazama nini?" alisema. "Mimi mwenyewe naila kabichi hiyo, mbona sijalia kama ngoma?"

"Wewe hatujakugonga," Mnyoosho alisema.

Kabichi ikapigwa marufuku. Filimbi alipona, akaanza tena mluzi, na kwa majuma kadhaa mkwe alipita mbele ya sanduku lile kama mtu anayepita mbele ya kituo cha polisi. Kisha hoteli moja ikaleta mzigo wa makoti ya wapishi na vitambaa vya meza, wanga ukapikwa asubuhi na mchana, na Filimbi akavimbiwa tena.

Safari hii walilaumu umande. Majani yakawa yanakatwa jua likishapanda na kutandazwa juu ya bati. Alipona, akavimbiwa. Wakalaumu maji, yakachemshwa. Kila alipougua, mama alifanya anachofanya mtu yeyote mwenye mgonjwa: alimbadilishia matandiko mara nyingi zaidi. Badala ya mara moja kwa siku ikawa asubuhi, mchana na jioni, na alichagua vile vinavyolia kwa nguvu kuliko vyote.

"Mgonjwa huugulia pasafi," alimwambia mwanawe. Mwanawe alikubali kabisa, akavipeleka vitambaa vingine juani vikauke upesi.

Mara ya nne daktari alipoitwa hakufungua mkoba. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya sanduku.

"Leo sitaki kuambiwa," alisema. "Leo nataka kuona. Fanyeni kazi zenu."

Mama alikuwa uani akioga. Mnyoosho alinyoosha shati, akalitundika, akachukua jingine. Mkwe alishona vifungo. Filimbi, ambaye siku hiyo alikuwa amepata nafuu kidogo, alikaa kimya akimtazama daktari, kisha akamsahau. Mbele yake palikuwa na lundo la majani mazuri. Aliyanusa. Akageuka, akashika ncha ya kitambaa kwa meno, na katika chumba kile kimya wote watatu wakasikia: kwa, kwa, kwa, kama mtu anayekula mkate uliokauka.

Daktari alikivuta kitambaa. Ukingo wake wote ulikuwa umeng'atwa mapengo mapengo. Akakigusa kwa ulimi.

"Hiki kimetiwa nini?"

Mnyoosho aliiweka pasi wima.

"Wanga," alisema.

"Kabichi yangu!" mkwe alisimama na shati mkononi. "Kabichi yangu jamani! Miezi yote hii natembea katika nyumba hii kama mchawi!"

"Sauti," Mnyoosho alimwambia, akitazama mlango wa uani.

Daktari alieleza bila kuremba. Wanga ulikuwa unachacha tumboni na nyuzi zilikuwa zinaziba njia. Viwili vile kwa pamoja vinatosha kumuua. "Mzigo wa wanga ukiwa mwingi, vitambaa vinakuwa vitamu zaidi, ndiyo maana anaugua kwa misimu. Mtandikieni majani makavu. Alale juu yake, na ayale akipenda. Akivimbiwa tena vibaya, mimi siahidi kitu." Akafunga mkoba. "Na mwambieni bibi."

Alipokwenda, mume na mke walibaki wanatazamana juu ya meza.

"Mwambie," mkwe alisema.

"Mwambie wewe."

"Mimi? Mkwe? Nikamwambie mama mkwe kwamba yeye ndiye anayemuua mnyama wake? Nitafika kwetu kwa miguu kabla sijamaliza sentensi."

"Unajua atakavyofanya," Mnyoosho alisema. "Atamwacha. Atasema mchukueni. Kisha ataweka mikono mapajani, na safari hii hakutakuja katoni nyingine."

Mkwe alikaa chini, akaendelea na kifungo.

Mnyoosho akaamua kutafuta njia ya kupita pembeni. Aliosha vitambaa kadhaa kwa maji mengi mpaka wanga ukatoka wote, akavikausha, akavipanga kapuni juu. Asubuhi mama aliingiza mkono. Alikung'uta cha kwanza, kikanyamaza. Cha pili, kikanyamaza. Akakinusa cha tatu.

"Hiki kimevaliwa na nani?"

"Hakijavaliwa, mama. Ni kisafi."

"Kisafi kinalegea hivi? Baba yako angekitumia kufutia baiskeli." Akavitupa vyote pembeni, akazamisha mkono mpaka chini ya kapu, akavuta kimoja kilichobaki na wanga. Ka! "Ehee. Hiki ndicho."

Kesho yake kapu halikuwepo. Mnyoosho alikuwa amelipandisha juu ya kabati. Mama alipapasa pale lilipokaa siku zote, akapata sakafu tupu.

"Vitambaa viko wapi?"

"Havijakauka, mama. Acha leo alalie vya jana."

"Vya jana vimelowa."

"Nitakuletea."

Hakumletea. Alikuwa amemwekea Filimbi majani makavu kidogo kwenye pembe ya sanduku, akijiambia kwamba mzigo wa msimu huu ukiisha atapata nafasi nzuri ya kuongea. Akatoka uani kuanua mashati. Mkwe alikuwa ameenda dukani. Chumba kilibaki na mama peke yake, na juu ya kichwa chake, kwenye lile bomba la chuma, zilining'inia nguo zote zilizokwisha kunyooshwa.

Mpishi mkuu wa hoteli alifika karibu na saa ya chakula cha mchana, Mnyoosho akiwa amekwisha kurudi mezani. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, ambaye hakuwahi kukaa alipokaribishwa.

"Habari za kazi, Mnyoosho. Koti langu."

"Lipo tayari, bwana mkubwa. Lipo hapa." Mnyoosho alinyoosha mkono kwenye bomba. Hanga lilikuwepo. Koti halikuwepo. Alisogeza nguo za kushoto, akasogeza za kulia, akatazama chini ya meza.

Filimbi, aliyesikia hatua ngeni, alipiga mluzi. Mpishi aliinama kutazama sandukuni, akabaki ameinama.

"Mnyoosho," alisema polepole. "Huyu panya wako amevaa koti langu."

"Si panya," mama alijibu kutoka kitini. "Ni simbilisi. Na hajalivaa, amelilalia."

Koti lilikuwa limekunjwa mara nne, vizuri sana, vifungo vimeelekezwa chini visimuumize. Filimbi alikuwa amekaa katikati yake kama chifu, na mbele ya pua yake kulikuwa na kilichobaki cha kola.

"Nani kaliweka humo?" mpishi aliuliza.

"Mimi," Mnyoosho alisema upesi. "Nimekosea. Lilianguka, nikafikiri ni..."

"Lilianguka likajikunja lenyewe?"

"Mwanangu, acha," mama alisema. "Tangu lini ukajua kutandika kitanda cha Filimbi? Ni mimi, bwana. Nimetafuta kapu, halipo. Nimeuliza, naambiwa havijakauka. Nikasimama nikapapasa huku na huku, nikapata kitambaa kimoja cha maana, kizito, kinalia vizuri. Nikajua mwanangu ameniwekea."

Pasi ilikuwa juu ya meza ikitoa moshi mwembamba. Mnyoosho aliinyanyua, akaisimamisha.

"Sikukuwekea, mama. Nililificha kapu."

"Ulilificha?"

"Liko juu ya kabati."

"Kwa nini?"

Alimtazama mpishi, aliyekuwa ameshika hanga tupu na hajui alipeleke wapi. Hapakuwa na njia ya kumtoa mtu kwa adabu.

"Vitambaa vina wanga. Anavila. Ndivyo vinavyomvimbisha, tangu mwanzo. Haikuwa kabichi, wala umande, wala maji."

Nje mtu alipita akiburuta kitu kizito.

"Kwa hiyo ni mimi," mama alisema.

"Ni wanga, mama."

"Wanga haukujitandika." Akageuza uso upande wa dirisha. "Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu. Na daktari."

"Na mpishi."

"Mimi nimejua sasa hivi, mama," mpishi alisema. "Nilikuja kuchukua koti tu."

"Mkajua, mkakaa kimya. Mlifikiri nikiambiwa nitafanyaje? Nitagaagaa chini?"

"Nilifikiri utamwacha," Mnyoosho alisema. "Nilifikiri utakaa tena kama ulivyokuwa unakaa."

Mama alinyoosha mkono hewani, kuelekea alipokuwa mpishi.

"Bwana, wewe una macho mazima. Hiyo kola imeliwa kiasi gani?"

Mpishi alichuchumaa, akaitazama kwa makini kama anavyotazama nyama.

"Upande wa kushoto wote. Wa kulia ameonja."

"Basi leo atavimba," mama alisema. "Mnyoosho, mpigie daktari sasa hivi. Usingoje avimbe. Na huyo mnyama nipeni."

Daktari alikuwa shambani mbali, ng'ombe anazaa, na alipiga kelele kwenye simu kwamba atakuja akimaliza, wampe matone, wamlishe uji wa majani, wasimwache alale akajikunja. Mkwe alirudi kutoka dukani akakuta chumba cha kazi kimefungwa mlango nusu, mumewe anasaga majani makavu kwenye kinu cha jikoni, mama mkwe amekaa kitini na Filimbi kwenye taulo. Aliambiwa kwa ufupi. Aliweka kikapu chini, akaenda kuchukua bomba la sindano.

Tumbo lilianza kujaa alasiri. Siku nyingine zote mkwe ndiye aliyeshika bomba la sindano na mama alishika mnyama. Siku hiyo mama alisema, "Lete hapa." Alitafuta pembe ya mdomo kwa kidole kimoja, akapitisha ncha ya bomba kando ya meno, akasukuma tone. Alingoja. Kidole chake kingine kilikuwa kooni, kinasikiliza kama amemeza. Akasukuma tena. Mnyoosho alitaka kumwambia apumzike, mkewe akamkanyaga mguu.

Kati ya mlisho na mlisho mama alimsugua tumbo kwa kiganja kizima, polepole, kama mtu anayeondoa mkunjo bila pasi. Hakumsimulia chochote. Mara moja tu alisema, "Hapa pamelainika," wote wawili wakasogea, akasema, "Hapana, pamerudi."

Jua likielekea kuzama alisimamisha mkono.

"Kuna kitu kimeanguka kwenye taulo. Niambieni ni nini."

Mkwe alikiinua. Vilikuwa vinyesi vitatu vidogo, vikavu, vimefungamana kwa uzi mweupe kama shanga.

"Kinyesi, mama. Kina uzi."

"Uzi wa wapi?"

"Wa kola," Mnyoosho alisema.

Daktari alifika na buti zenye tope, akavitazama vinyesi vile kwenye mwanga wa taa, akacheka kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe. "Vikianza kutoka hivi, njia imefunguka. Endeleeni na uji." Akampima Filimbi, akamgonga tumbo, safari hii ngoma haikulia vizuri. Alimgeukia mama. "Bibi, umekwisha kuambiwa?"

"Nimekwisha."

"Nani kakuambia?"

"Koti la mpishi," mama alisema.

Filimbi alipona, taratibu kuliko mara zote. Mpishi aliwekewa kola mpya iliyokatwa kutoka pindo la chini la koti lilelile, akalivaa, na kwa jinsi alivyokuwa akiisimulia habari ile jikoni kwake, wapishi wengine walianza kuleta makoti yao wenyewe ili wamwone mlaji.

Lakini siku mbili tatu za mwanzo zilikuwa ngumu. Mama alimlisha alipokuwa mgonjwa. Alipopona, alimrudisha sandukuni na kuondoa mkono. Mnyoosho alileta fungu la majani makavu, akaliweka karibu na kiti, pale pale lilipokaa kapu. Mama hakuligusa. Mikono ilikuwa mapajani. Mnyoosho alinyoosha shati moja, akalikunjua, akalinyoosha tena shati lilelile.

Filimbi alipiga mluzi. Mama hakugeuka.

"Mama, kitanda chake," mkwe alisema.

"Tandika wewe. Wewe unaona."

Mkwe aliweka shati chini, akachukua majani mkono mmoja, akayatupia sandukuni. Yalianguka kwa mlio wa ovyo. Akachukua mengine, akatupa. Filimbi aliyekuwa akinyeshewa majani kichwani alilalamika kwa sauti.

Mama alivumilia mpaka fungu la tatu.

"Unamwaga tu kama unalisha ng'ombe," alisema. "Hayo si yana miiba? Umeyapitia?"

"Sijayapitia, mama."

"Na shina gumu je, akijichoma jicho? Tuwe na vipofu wawili nyumba moja?" Akanyoosha mikono yote miwili. "Yatoe. Yatoe yote. Lete hapa."

Mkwe aliyatoa majani yote na kuyaweka juu ya mapaja ya mama. Mama alianza kuyapitia moja moja, akivunja mashina, akitupa yenye unyevu, akinusa yaliyomtia shaka. Ilimchukua asubuhi nzima. Alipomaliza alitandaza safu ya chini ya magumu na safu ya juu ya laini, akamweka Filimbi juu yake, akasubiri. Akasikia anatafuna.

"Anakula kitanda," alisema.

"Ruhusa, mama," Mnyoosho alimjibu.

Shule zilipokaribia kufunguliwa tena, mashati yalijaa mpaka chini ya meza na wanga ukachemka kutwa. Mnyoosho hakuficha kapu. Mama mwenyewe aliagiza lihamishiwe upande wa pili wa chumba, na kila mteja aliyeingia na mtoto alionywa kwa ukali asimwonjeshe mnyama kitu chochote cha kitambaa. Alikuwa amerudi kusema sana. Mkwe alidai ni kupita kiasi.

Katikati ya kazi, mvuke umejaa chumbani na jasho linamtiririka shingoni, Mnyoosho aliita bila kuinua macho kutoka kwenye kola:

"Mama! Vipi huko?"

"Anakunya."

"Vizuri?"

"Vizuri kuliko wewe. Fanya kazi."